Mali bila daftari: GPA nayo ipigiwe hesabu kabla ya mkopo

Jumamosi moja jioni pale Namanga, malori yakipungua na wachukuzi wakihesabu ujira wao, mama mmoja ninayeuza naye maharage alikuja kwenye meza yangu na daftari la kikoba. Alikuwa ameshajaza fomu ya mkopo wa shilingi 1,800,000. Alitaka nisaini kama mdhamini wake.

"Kaka, ni kwa ajili ya binti," alisema. "Amebakiza mwaka mmoja chuoni. Ana GPA ya 2.9, na ameniahidi atamaliza na 3.5. Kuna tangazo la ufadhili wa shahada ya pili, wanataka kuanzia 3.5. Nataka nimpangie chumba karibu na chuo, na nimlipie mtu wa kumfundisha pembeni. Akifika hapo, mkopo umejilipa."

Nilimuuliza swali moja. "Mama, ili afike hiyo 3.5, mwaka huu wa mwisho anatakiwa apate alama gani?"

Akanyamaza. Huyu ni mama anayeweza kukuambia bila kalamu faida ya gunia moja baada ya kutoa ushuru, upakiaji, gunia tupu na tofauti ya shilingi ya Kenya na ya kwetu. Akipunjwa kilo mbili kwenye mizani, anajua kabla hujamaliza kushusha. Lakini kwa mtoto wake, mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuubeba, alikuwa tayari kukopa kwa neno tu.

Sikumlaumu, na sikusaini siku hiyo. Leo naandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Kuanzia Sirari hadi Mutukula, kuanzia Busia hadi Rusumo, wengi wetu tunasomesha kwa pesa za mpakani. Tunalipa ada kwa mitaji, tunauza mifugo, tunakopa vikoba. Kisha tunaambiwa "GPA imepanda" au "GPA imeshuka", nasi tunaitikia kama tunaoelewa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Elimu ya mtoto nayo ni mali, na daftari lake lipo. Hatujazoea kulifungua tu.

Hesabu tunayoijua tayari

Tuanze na maharage. Umenunua gunia 20 kwa shilingi 200,000 kila moja. Unataka gunia 10 zaidi, na ili uuze kwa faida, wastani wa bei ya manunuzi kwa gunia zote 30 usizidi 180,000. Je, zile 10 uzinunue kwa bei gani?

Kila mfanyabiashara anajua njia. Gunia 30 mara 180,000 ni 5,400,000. Umeshatumia 4,000,000. Imebaki 1,400,000 kwa gunia 10, yaani 140,000 kwa gunia. Ukifika shambani ukakuta bei ni 190,000, unajua hapo hapo kwamba ule wastani wa 180,000 ni ndoto. Hutaendelea kujidanganya. Utabadilisha mpango.

GPA ni hesabu hiyo hiyo. Gunia ni krediti, yaani uzito wa kila kozi. Bei ni pointi za alama aliyopata. GPA ni wastani wa pointi kwa krediti zote. Shahada ya miaka mitatu Tanzania huwa na krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Katika mfumo kama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kozi ya krediti 10 iliyopata B+ inaingiza pointi 40. Iliyopata C inaingiza 20.

Kwa hiyo mistari ni minne. Zidisha GPA unayoitaka kwa krediti zote za shahada. Toa pointi ambazo mtoto ameshakusanya. Kinachobaki gawanya kwa krediti alizobakiza. Jibu ndilo wastani anaotakiwa kuupata kuanzia leo hadi mwisho.

Tukafanya hivyo nyuma ya daftari la kikoba. 3.5 mara 360 ni 1,260. Binti amemaliza krediti 240 kwa 2.9, yaani pointi 696. Zimebaki 564 kwa krediti 120. Gawanya: 4.7.

Mama akauliza, "4.7 ndiyo nini?" Nikamweleza kwamba mwaka wa mwisho una kozi 12, na kwa bahati zote kwenye chuo chake zina krediti 10. Ili afike, apate A katika kozi 9, na B+ katika 3 zilizobaki. Akipata A 8 na B+ 4, atamaliza na 3.488. Kwa macho ni kama 3.5, lakini vyuo vyetu vingi havisogezi juu. Vinakata tarakimu zinazozidi moja baada ya nukta. 3.488 inaandikwa 3.4.

Mama akafunga daftari taratibu. "Mwambie aje na karatasi zake," akasema.

Karatasi zikaja

Wiki iliyofuata binti alishuka na basi kutoka chuoni. Aliniamkia "Shikamoo mjomba" kwa sauti ndogo, akatoa matokeo ya mihula minne. Hapo tukajifunza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: usianze hesabu na GPA iliyokwisha kukatwa, anza na pointi zenyewe. Pointi zake hazikuwa 696. Zilikuwa 710. Ukigawanya kwa 240 unapata 2.958, chuo kikakata kikaandika 2.9. Pointi 14 zilikuwa zimefichwa na nukta moja.

Tukarudia hesabu. 1,260 toa 710 ni 550. Gawanya kwa 120 ni 4.58. Sasa anahitaji A 7 na B+ 5. Kutoka A 9 hadi A 7 ni nafuu kubwa, na tuliipata kwa kusoma karatasi vizuri tu.

Lakini karatasi ile ile ilisema na jambo la pili. Katika kozi 24 za miaka miwili, binti alikuwa na A 2, B+ 4, B 9 na C 9. Alipata A mbili katika kozi 24, na sasa anatakiwa apate saba katika 12, bila kuteleza hata mara moja. B moja tu mahali pa B+, anaishia 3.4.

Nilimuuliza kwa upole kama aliwahi kupiga hesabu hii. Akatikisa kichwa. "Mjomba, nilisema 3.5 kwa sababu mama alisema mtoto wa jirani amepata 3.8. Nikaona nikisema tatu na kitu, hataelewa. Halafu nikaanza kuamini mwenyewe."

Mama yake alikuwa amekaa pale pale. Hakumgombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia ukweli ningejua bei ya mzigo."

Neno hilo ndilo kiini cha makala hii. Ahadi isiyopigiwa hesabu huwaumiza watu wawili. Mzazi anakopa kwa tumaini lisilo na msingi. Mtoto anabeba ahadi ambayo ndani ya moyo anajua imevunjika, anajificha, anaacha kupokea simu, na siku ya matokeo nyumba nzima inakuwa na msiba usio na maiti.

Kuchelewa kuna riba

Sasa tazama jambo ambalo lilinisumbua zaidi. Chukua mwanafunzi yule yule wa 2.9 anayetaka 3.5, ila badilisha siku anayokaa chini kupiga hesabu.

Akipiga mwisho wa muhula wa kwanza, amebakiza krediti 300. Anahitaji wastani wa 3.62. Hiyo ni B+ nyingi na B kadhaa, jambo linalowezekana kabisa.

Akingoja mwisho wa mwaka wa kwanza, anahitaji 3.8.

Akingoja muhula mmoja zaidi, anahitaji 4.1.

Akingoja mwisho wa mwaka wa pili, ni 4.7.

Akingoja hadi abakize muhula mmoja tu, anahitaji 6.5. Lakini pointi ya juu kabisa duniani kwake ni 5. Hapo hata akipata A kila kozi, 3.5 imeshapita kama basi la alfajiri.

Hili ni deni lenye riba, na riba yake inapanda kwa kasi kuliko ya kikoba chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaambiwa tusubiri matokeo ya mwisho, kumbe matokeo ya mwisho huandikwa kwa kiasi kikubwa katika mihula miwili ya kwanza, wakati mtoto bado anashangaa mji, anatafuta chumba, na anaamini kwamba "mwaka wa kwanza ni wa kuzoea".

Kuna mambo mawili madogo ya kuongeza hapa. La kwanza, kozi hazilingani uzito. Kozi ya krediti 12 ikitoka B kwenda B+ inaongeza pointi 12. Kozi ya krediti 6 ikipanda hatua hiyo hiyo inaongeza 6. Mwanafunzi anayekesha kwa kozi nyepesi aipendayo na kuitupa nzito asiyoipenda anafanya kama mtu anayelinda kiroba huku gunia linavuja. La pili, sapu. Katika vyuo vyetu vingi vya Tanzania mtihani wa marudio, hata ukiufaulu kwa alama za juu, unaandikiwa C. Kozi ya krediti 10 hapo inabaki na pointi 20, wakati lengo la 3.5 linaidai 35. Kwa hiyo mtoto akisema "nina sapu moja tu, nitaisafisha", kweli ataisafisha, lakini doa la pointi 15 linabaki.

Wale wanaouza alama

Katika wiki zile mama alipigiwa simu na kijana asiyemjua, akidai ana mtu ofisini na kwamba kwa shilingi laki sita anaweza "kurekebisha" kozi mbili za binti kutoka B kwenda B+. Wenzetu kadhaa pale sokoni wamewahi kupokea simu za namna hiyo. Wengine wametuma pesa, na simu ikazimwa.

Acha kwanza kwamba huo ni wizi na rushwa, na kwamba shahada iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa hata baada ya miaka. Piga hesabu tu. Kozi mbili kupanda hatua moja ni pointi 20. Pointi 710 zinakuwa 730. Bado binti angehitaji wastani wa 4.42, yaani A 5 na B+ 7. Laki sita zimekwenda, heshima imekwenda, na 3.5 bado iko ng'ambo. Tapeli anaishi kwa mteja asiyejua hesabu. Mzazi anayejua mistari minne hawezi kuuziwa.

Alama nayo ni sarafu

Sisi wa mpakani tuna shida moja ambayo wazazi wa mikoa ya ndani hawana. Watoto wetu wanavuka. Mmoja yuko Arusha, mwingine Nairobi, wa tatu Kampala. Wakikutana Krismasi, wanataja namba kana kwamba zote ni shilingi moja. Si moja.

Chukua mwanafunzi aliyepata 65 kwa mia. Kwa mfumo wa Dar es Salaam hiyo ni B+, pointi 4. Kwa Makerere ni pointi 3.5. Kwa Nairobi ni B, na kule hakuna GPA ya tano, wanachukua wastani wa alama zenyewe. Sasa chukua aliyepata 72. Dar es Salaam ni A, pointi 5 kamili. Nairobi nako ni A. Makerere ni pointi 4, maana kule 5 huanzia 80. Na aliyepata 45? Dar es Salaam amefaulu kwa C, Nairobi amefaulu kwa D, Makerere amefeli, atarudia, kwa sababu kule kufaulu huanzia 50.

Hata madaraja hayaanzii mahali pamoja. Daraja la pili la juu, ile ambayo wanafunzi huiita "apa", Tanzania huanzia 3.5. Makerere huanzia 3.60. Nairobi huanzia wastani wa 60. Kwa hiyo kijana wa Kampala mwenye 3.5 yuko daraja la pili la chini, na kijana wa Dar es Salaam mwenye 3.5 hiyo hiyo yuko la juu. Mama akiwalinganisha mezani, mmoja ataonekana sawa na mwenzake wakati hawako sawa.

Mistari yetu minne, hata hivyo, inavuka mpaka bila kibali. Kijana wa Nairobi mwenye wastani wa 56 kwa miaka mitatu kati ya minne, akitaka 60, achukulie miaka ina masomo sawa: 60 mara 4 ni 240, toa 168, inabaki 72. Mwaka wa mwisho wote awe na wastani wa 72. Binti wa Kampala mwenye 3.3 kwa miaka miwili kati ya mitatu, akitaka 3.6: 10.8 toa 6.6, inabaki 4.2. Ndiyo hiyo. Sarafu inabadilika, hesabu haibadiliki.

Nani kati yetu anakubali kubadilisha shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania moja kwa moja? Hata mtoto wa darasa la tatu pale Namanga angekucheka. Lakini waajiri na maofisa wa udahili pande zote za mpaka wapo wanaosoma 3.5 bila kuuliza imetoka soko gani. Anayeumia ni kijana wa kwetu, aliyesomea upande mmoja na kuomba kazi upande wa pili.

Wapo watakaosema dawa ni kutengeneza jedwali la kugeuza alama kwa alama. Mimi naona hapana. Mhadhiri anayejua kwamba kufaulu ni 50 hasahihishi kwa mkono ule ule wa mhadhiri anayejua kufaulu ni 40. 65 ya Kampala na 65 ya Nairobi hazikutoka jasho moja. Ukizigeuza tarakimu kwa tarakimu unamdhulumu mmoja. Kilicho cha haki ni kulinganisha daraja kwa daraja: la kwanza kwa la kwanza, la pili la juu kwa la pili la juu, kila moja likipimwa kwa kanuni za chuo lilikotoka.

Ninachotaka kifanyike

Jumuiya yetu haikosi karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazungumzia kutambuana vyeti vya elimu na taaluma. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hayo ni mema na nayaunga mkono. Lakini mfanyabiashara hupima itifaki kwa kilichofika mezani kwake.

Tunaukumbuka utaratibu rahisi wa biashara kwa wenye mizigo midogo. Ulianza kuwa na maana kwetu siku tulipoona orodha ya bidhaa imebandikwa ukutani, na tukajua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 unapita kwa cheti rahisi cha uasilia. Kabla ya hapo, haki ilikuwepo kwenye vitabu na sisi tulipita njia za panya. Elimu nayo inahitaji ukuta wake.

Kwanza, kila chuo kiandike kwenye karatasi ya matokeo ya kila muhula mambo manne: krediti zilizokamilika, krediti zilizobaki, jumla ya pointi kabla ya kukatwa, na kanuni ya kukata au kusogeza. Hilo halihitaji bajeti. Kompyuta za chuo zinazijua namba hizo tayari.

Pili, nyuma ya kila cheti cha matokeo ya mwisho kuwe na mizani ya chuo husika, ikionyesha alama gani ni daraja gani. Anayesoma Kigali au Goma asilazimike kukisia 3.5 ya Dar es Salaam ina uzito gani.

Tatu, Baraza la Vyuo Vikuu lichapishe kwa Kiswahili jedwali moja la madaraja ya vyuo vya nchi wanachama, ukurasa mmoja, libandikwe kwenye vituo vyetu vya huduma kwa pamoja mpakani, pale pale kwenye dawati la wafanyabiashara. Tunapita pale kila siku, na karatasi moja ukutani tutaisoma.

Nne, na hili ni letu wenyewe: kila kikoba kinachotoa mkopo wa ada kiombe karatasi ya matokeo kama kinavyoomba hesabu ya duka. Lengo si kumnyima mtu mkopo. Tunataka kujua mkopo unanunua nini.

Watakaopinga

Najua yatakayosemwa. Mwalimu mmoja rafiki yangu ameshaniambia kwamba nitawafanya wazazi wawe mapolisi wa namba, na watoto wasome kwa ajili ya pointi badala ya maarifa. Hoja yake ina uzito. Nimeona kijana akikimbia kozi nzuri ya takwimu kwa kuogopa kuharibu GPA, akachagua nyepesi, na leo anatafuta kazi ambayo inataka takwimu ile ile. Namba ikigeuka kuwa mungu, inakula watu.

Lakini kutojua hesabu hakujawahi kumkomboa mtu kutoka kwenye namba. Ahadi ya 3.5 ilikuwepo nyumbani kwa mama huyu kabla sijashika kalamu, na ilikuwa ikimtesa binti kwa sababu hakuna aliyeipima. Hesabu iliipunguza ikawa saizi yake. Na wakati mwingine hesabu huleta habari njema. Tulipomgeuzia binti swali, tukauliza anahitaji nini ili asishuke chini ya 2.7, ambako daraja la pili la chini linaanzia, jibu lilikuwa wastani wa 2.18. Yaani hata C nyingi na B chache zingetosha. Binti aliyekuwa akilala kwa hofu ya "kufeli" alikuwa na akiba kubwa kuliko alivyodhani. Hilo nalo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wengine watasema mtoto wa miaka 22 ni mtu mzima, matokeo ni siri yake. Nakubali. Ndiyo maana sisemi chuo kimpe mzazi karatasi nyuma ya mgongo wa mtoto. Nasema mtoto apige hesabu mwenyewe, aje nayo mezani mwenyewe. Anayekula mtaji wa mama yake ana deni la ukweli, hata kama hana deni la kuonyesha kila alama. Na mzazi naye ana deni lake: ukweli ukiletwa, usipokewe kwa kofi wala kwa jina la mtoto wa jirani. Ukimchapa anayeleta hesabu ya kweli, kesho atakuletea ya uongo.

Daftari lilivyofungwa

Siku ile tulikaa hadi taa zikawashwa. Tulimwekea binti mistari mitatu. Akiendelea kama alivyofanya muhula uliopita, uliokuwa bora kidogo kuliko mingine, atamaliza na 3.0. Akipata B+ katika kozi 9 na B katika 3, atamaliza na 3.2. Akipata B+ katika zote 12, atamaliza na 3.3. Alitazama mistari ile muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye 3.2. "Hii naiweza," akasema. "Nikizidi, ni faida." Tukakubaliana pia kwamba ule ufadhili wa 3.5 si mlango wa mwaka huu. Lakini shahada ya pili haijafungwa. Vipo vyuo Tanzania vinavyopokea kuanzia 2.7, kwa mtu atakayejilipia au atakayefanya kazi kwanza.

Mama alirudisha fomu ya 1,800,000, akajaza nyingine ya 700,000 kwa ada iliyobaki. Hiyo niliisaini. Chumba cha karibu na chuo hakikupangwa. Nafasi yake ikachukuliwa na nauli ya kwenda maktaba Jumamosi. Zile pesa nyingine zilibaki kwenye maharage, maana kuna kaka mtu ameingia mwaka wa kwanza, na mama ameshamwambia kwamba mwisho wa muhula huu anataka mistari minne kwenye ujumbe wa simu, kabla ya salamu.

Matokeo ya binti bado. Yatakapotoka, yawe 3.2 au pungufu, hakuna atakayeshangaa pale kwenye meza yetu, na hakuna gunia litakalouzwa kwa hasara ili kulipia namba ambayo haikuwahi kuwepo.

Ndugu mfanyabiashara mwenzangu, jioni ya leo ukifunga hesabu za duka, mpigie simu yule uliyemtuma chuoni. Usimuulize "GPA ngapi?" Muulize amekusanya pointi ngapi, amebakiza krediti ngapi, na anataka kufika wapi. Kisha chukueni kalamu pamoja.